Nanga au Tanga

Nyumbani kwangu pana kaseti moja ambayo siichezi ila kwa nadra, kwa kuchelea utepe wake usije ukakatika. Upande wa kwanza una matangazo ya mpira ya mwaka 1986. Upande wa pili nao una matangazo ya mpira, mpaka karibu na mwisho. Hapo mtangazaji hukatika katikati ya neno, na sauti ya bibi yangu mzaa mama huingia, naye tayari yumo ndani ya ubeti. Anaimba kwa muda usiofika dakika mbili, kisha utepe unakwisha.

Aliyemrekodi ni mjomba wangu, huko Wete, mwaka 1983. Aliyerekodi mpira juu yake ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kaseti zilikuwa adimu, na ile ilikuwa haina jina ubavuni. Bibi mwenyewe alikuwa hai, amekaa uani anachambua mchele, na haikunipitikia akilini kwamba mtu aliye hai anaweza kufutwa. Alifariki mwaka 1991. Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu ile kaseti iko wapi, nikamwambia, akanyamaza, na tangu siku hiyo mpaka alipofariki naye hakuitaja tena.

Aibu hii nimeitanguliza kwa sababu kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikishughulika na wimbo wa mwanamke mwengine, wa mbali kabisa na Pemba, ambaye naye zimebaki dakika zake chache tu duniani, na ndani ya dakika hizo mna neno ambalo halisikiki.

Mimi ni mfasiri niliyejifundisha mwenyewe. Kiingereza changu nilikiokota katika kamusi mbili zilizochakaa na katika vitabu walivyoviacha wageni. Mwaka 2004 mwanafunzi mmoja wa kigeni, aliyekuja Unguja kujifunza Kiswahili, aliniachia alipoondoka sidii chache za nyimbo kongwe za Wamarekani. Nyingi nilizisikiliza mara moja nikaziweka. Moja sikuweza kuiweka. Jina lake ni "Last Kind Words Blues", na mwimbaji ni Geeshie Wiley, mwanamke mweusi aliyerekodiwa mwaka 1930 katika mji mdogo wa Grafton, jimbo la Wisconsin, akiwa na mwenzake Elvie Thomas. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani kuna mtu anakaanga samaki mbele ya kipaza sauti, kwa jinsi santuri ilivyokwaruzika. Kisha nyuma ya mafuta yale linatoka gitaa, na nyuma ya gitaa sauti isiyokuwa na haraka yoyote, inayosimulia wasia wa mtu anayekwenda vitani na kueleza mwili wake ufanywe nini akifa.

Kampuni iliyomrekodi ikiitwa Paramount, na asili yake ni kiwanda cha viti. Waliokuwa wakitengeneza viti walianza kutengeneza makabati ya gramafoni, na mwenye kuuza kabati huona karibu kuuza na cha kuchezwa ndani yake. Santuri zilikuwa bidhaa ya kusukumia bidhaa nyingine. Zilitengenezwa kwa malighafi duni, ndiyo sababu ya makwaruzo yale, na waimbaji aghalabu walilipwa ujira wa mkupuo, wakashika njia. Mwaka 1930 hali ya uchumi wa Marekani ilikuwa imeporomoka, wanunuzi walikuwa hawana, na kabla ya miaka ya thelathini kufika mbali kampuni ikaacha kazi hiyo. Nakala za santuri ya Geeshie Wiley zilizosalia zinahesabika kwa vidole. Nyimbo zake na za mwenzake zinazojulikana ni sita tu kwa jumla. Hata jina la mwenzake lilikuwa limekosewa. Mwaka 2014 mwandishi John Jeremiah Sullivan alieleza katika gazeti la New York Times kwamba "Elvie" zilikuwa herufi mbili tu, L na V, na kwamba bibi huyo aliishi Houston, akashika dini, na mtafiti mmoja alifika kumhoji mwaka 1961 bila ya ulimwengu kupata habari.

Mwaka 1961! Yaani wapenzi wa santuri hizi walipokuwa wakiwazungumza waimbaji wake kama watu wa zama za Nuhu, wenyewe walikuwa wakienda sokoni. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote katika habari hii. Mwaka 1952 mtu mmoja wa ajabu, Harry Smith, mchoraji na mkusanyaji wa vitu vilivyotupwa, alichagua rekodi 84 kutoka katika santuri zake, karibu zote za baina ya 1927 na 1932, akazitoa upya kwa kampuni ya Folkways. Kwa makusudi hakuandika nani mweusi na nani mweupe. Watu wengi walimsikiliza Mississippi John Hurt wakaamini ni mzungu wa milimani. Vijana wa mijini walizila rekodi zile kama wenye njaa. Bob Dylan, katika santuri yake ya kwanza ya mwaka 1962, aliimba wimbo wa Blind Lemon Jefferson, aliyefariki 1929. Na mwaka 1963 vijana wengine walisikiliza kwa makini wimbo ambao Hurt aliurekodi 1928, wakatambua kwamba anataja kijiji chake cha Avalon, wakaenda huko na kumkuta. Alikuwa mzee mkulima. Akaimba tena mbele ya maelfu ya watu, na akafariki mwaka 1966. Miaka mitatu! Lakini alipata kusema mwenyewe maneno yake ni yapi.

Wiley hakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo kazi imebaki kwa wanaoimba baada yake, na hapo ndipo panapokuja swali linalonikera mimi mfasiri. Anayeimba upya wimbo wa mtu asiyeweza tena kuulizwa ana deni gani kwake?

Nimesikiliza majibu mengi ya wanamuziki wa siku hizi, na si yote yanayonipendeza. Mwaka 1999 Moby alichukua sauti ya Vera Hall, mwimbaji wa Alabama aliyefariki 1964, akakata kipande, akakirudia na kukirudia juu ya midundo ya mashine, na santuri ile ikauzwa kwa mamilioni. Sikatai kwamba ni tamu. Nimetikisa kichwa kama kila mtu. Lakini kwa mtu aliyezoea mashairi, ule ni mshororo ulionyofolewa katika utenzi na kutundikwa ukutani. Vera Hall haruhusiwi kufika mwisho wa maneno yake. Wako wengine wanaofuata njia ya kinyume, wanaoiga kila kitu mpaka pumzi na mkwaruzo, wakivaa na kofia za zama zile. Hao wananikumbusha wale wetu wanaodhani kughani utenzi ni kukunja uso.

Walionigeuza mawazo ni vijana watatu weusi waliojiita Carolina Chocolate Drops: Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson. Walikutana mwaka 2005 katika mkusanyiko wa wapiga banjo weusi huko North Carolina. Banjo, ambayo wengi huiona chombo cha wazungu wa mashamba, ina asili yake Afrika Magharibi, katika kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi. Ilivuka bahari pamoja na waliovukishwa. (Msomaji wa pwani akiliona banjo la kale atakumbuka gambusi kabla ya kukumbuka gitaa.) Vijana hawa hawakutosheka na santuri. Walikuwa wakienda kila wiki, usiku wa Alhamisi, nyumbani kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla aliyezaliwa 1918, wakikaa miguuni pake kama wanaohudhuria darsa. Mzee hakuwafundisha kwa noti. Alipiga, wakafuata. Wakikosea, alipiga tena. Albamu yao ya 2010 ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na Thompson alifariki 2012, akiwa amekwisha kuona mkono wake unacheza katika mikono ya wengine.

Hii ni silsila, nasi tunaijua. Shairi kwetu lilipita namna hiyo, kutoka kinywa hadi sikio, na hati ikaja baadaye kushuhudia. Lakini silsila inataka mwalimu aliye hai. Kwa Geeshie Wiley hakuna wa kukaa miguuni pake. Ipo sahani iliyokwaruzika, basi.

Mwaka 2015 Rhiannon Giddens aliufungua msahafu wake wa kwanza akiwa peke yake, nikiruhusiwa kuiita albamu hivyo, kwa wimbo huo huo wa Wiley. Giddens alisomea uimbaji wa opera. Sauti yake ni safi kama maji ya mtungi, kila herufi inatoka imekamilika. Niliposikia mara ya kwanza nilikasirika. Nilihisi kama mtu aliyepiga chokaa ukuta wa gofu. Yako wapi makwaruzo? Iko wapi ile hali ya kumsikia mtu kupitia mlango uliofungwa? Nikauacha mwezi mzima. Kisha nikauona upumbavu wangu. Makwaruzo hayakuwa ya Wiley. Yalikuwa ya kiwanda cha viti. Yeye mwenyewe, siku ile Grafton, alikuwa mwanamke mbele ya kipaza sauti, anaimba maneno anayoyajua, na aliyekuwa chumbani pamoja naye alisikia kila neno. Nilichokuwa nikikipenda mimi ni umbali wangu kutoka kwake.

Sasa nirudi kwenye neno. Katika ubeti mmoja mtu wa wimbo huu anaahidi kwamba ataonekana akija kwa njia ya shamba la tajiri, na kwamba asipoleta unga wa ngano ataleta kitu kingine. Kitu gani? Hapo sauti inazama ndani ya mafuta ya kukaangia. Watu wamebishana kwa miaka. Sullivan amesimulia jinsi alivyotumwa na jarida alilokuwa akilifanyia kazi ampigie simu John Fahey, mpiga gitaa na mjuzi mkubwa wa santuri hizi, kumuuliza neno hilo tu, na jinsi mzee yule alivyohangaika nalo, akikisia hiki na kile. Usikizi ulioshinda hatimaye ni kwamba asipoleta ngano ataleta unga wa mahindi uliochekechwa.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Ngano ni ya mkate na maandazi, ya siku njema. Mahindi ni ya kila siku. Asipokuja na ngano atakuja na sembe, lakini atakuja, hata ikiwa kwa kupita shamba la mwenye nacho, na labda kwa mkono mwepesi! Nilipoliandika neno "sembe" katika daftari langu niliona ubeti umekaa kitako. Nikaona pia hatari yake. Limekaa vizuri mno. Mfasiri anapopata neno linalokaa vizuri mno ajihadhari, kwani yawezekana ni yeye aliyekaa.

Mimi lakini nina daftari. Naweza kuandika "sembe", nikaweka alama, na pembeni nikaandika kwamba wengine husikia vingine. Mwimbaji hana pembeni. Pumzi imekwisha kutoka, kipigo cha gitaa hakimngoji, na mbele yake pana watu. Lazima achague, na achague kana kwamba halijapata kuwapo jingine. Hiyo si dharau kwa marehemu. Naona sasa ni ujasiri ambao mimi, kwa kazi yangu ya karatasi, sijapata kutakiwa niwe nao.

Giddens huyu huyu, kwa wasiojua, ndiye aliyeandika pamoja na Michael Abels opera iitwayo "Omar", iliyoonyeshwa mara ya kwanza Charleston mwaka 2022 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2023. Inamhusu Omar ibn Said, mwanachuoni Mwislamu kutoka Futa Toro, aliyeuzwa utumwani Marekani, na ambaye mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu. Anaanza kwa Surat al-Mulk, ile ambayo sisi huiita Tabaraka. Fikiri, msomaji. Mtu hana hata mwili wake, na neno la kwanza analolichagua kuandika ni kuhusu ufalme uko mkononi mwa nani.

Nimesema wimbo wa Wiley ni wa mbali na Pemba. Si mbali sana kama nilivyodhani. Kampuni za santuri za wakati ule zilikuwa zikifanya biashara moja ulimwengu mzima: kumtafuta mwimbaji wa kila mahali, kumrekodi kwa haraka, na kuwauzia watu wake sauti yake. Mwaka 1928, mwaka ule ule John Hurt alipourekodi wimbo wa Avalon, Siti binti Saad alikuwa Bombay akirekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Nasi pia tunao wanaoimba upya. Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti mpaka alipofariki 2013, akizigeuza atakavyo bila ya kumuomba mtu radhi, na mwaka 2020 kitukuu cha Siti, Siti Muharam, akatoa santuri yake mwenyewe ya nyimbo hizo.

Na upo mfano ninaoupenda kuliko yote, kutoka bara ya Kenya. Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyeanza kurekodi mwaka 1927, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika nchi ya Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey aliwakuta huko wasichana wakiimba wimbo wa kumsifu mtu aitwaye Chemirocha. Ndiye Jimmie Rodgers huyo, jina limelainishwa na ulimi mwengine, naye amekuwa nusu mtu na nusu swala. Wasichana wale hawakumuuliza mtu ruhusa wala tafsiri. Walisikia sauti inatoka ndani ya sanduku, wakaipa mwili walioona unaifaa. Siku nikiwa mchovu wa kamusi huwasikiliza wao.

Mwaka jana mpwa wangu, anayeimba katika kikundi cha vijana cha taarab, aliniomba kaseti ya bibi. Nilimwambia haitoki nyumbani. Akaja yeye, akakaa sakafuni, akaisikiliza mara tatu, na mara ya tatu akasimamisha pale pale nilipojua atasimamisha.

"Mjomba, hapa anasema nini?"

Wimbo ni wa mwanamke aliye ufukweni, mume yumo jahazini. Anamwomba ampe kitu kimoja kabla ya kuondoka. Neno lile ama ni "nanga" ama ni "tanga", na utepe umelila herufi ya kwanza. Nimelitafuta kwa kila njia. Kina hakinisaidii, kwani yote mawili yanaishia sawa. Mizani haisaidii, kwani yote ni silabi mbili. Lau lingefuatwa na "yangu" au "langu", ngeli ingenitatulia mara moja, lakini bibi ameliacha peke yake, mwisho wa mshororo, bila ya kivumishi. Ikiwa ni nanga, anataka mume asiondoke. Ikiwa ni tanga, amekwisha kumwachia, anaomba kitambaa tu cha kufutia machozi, na huenda pia anatabiri matanga.

Mama yangu anasema ni nanga. Mama mdogo anasema ni tanga, na kwamba dada yake hakuwa na desturi ya kukaa uani mama yao akiimba. Wamekataa kulizungumza tena.

Nilimshauri mpwa wangu auache ubeti ule. Nilimwambia tusimtie bibi neno kinywani, hasa sisi, hasa mimi. Alinitazama kwa muda, kwa adabu.

"Mjomba, siwezi kuimba shimo," akasema.

Aliuimba mwezi wa Disemba, ukumbi umejaa, kwa udi, fidla na ngoma ndogo. Mwanzo wa wimbo, ule uliofutwa na mpira, aliutunga mwenyewe. Mama na mama mdogo walikuwa mstari wa mbele, nami nimekaa kati yao. Ulipofika mshororo ule akaimba "tanga". Mama mdogo akainuka pale pale na noti mkononi, akaenda kumtunza, akarudi taratibu ili aonekane. Mama akabaki amekaa, mikono juu ya mkoba. Mpiga fidla akaurejea utangulizi, mpwa wangu akaurudia ubeti, na safari hii alimtazama mama usoni, akaimba "nanga".

Mama akanigeukia akaniuliza kama nina noti.